Mwezi Usio na Vivuli

Waliohudhuria: Ngwali, mwenyekiti wa Baraza na mlinzi wa Kisigino. Kitwana, mchonga mawe, mleta mashtaka. Hidaya, msugua vioo, dada yangu mkubwa. Watu wa mji, waliokaa kwa kufuata ukaribu wa nyumba zao na kisima. Mimi, mwalimu, mshtakiwa. Hakuna aliyetuma udhuru. Vivuli havikuruhusiwa kuingia.

Nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa asiyelifahamu hataelewa uadui wa jioni ile. Mji wetu umo ndani ya shimo. Ni shimo la duara, pana kiasi kwamba mtu aliyesimama kisimani, katikati, huuona ukingo kama mstari mwembamba uliochorwa na mkono usiotetemeka. Tunazaliwa ndani yake, tunaoana ndani yake, tunazikwa ndani yake. Na katika mji huu neno la mtu mwenye kivuli halipokelewi. Shahidi husimama adhuhuri, jua likiwa utosini; ikiwa ni jioni, husimama ndani ya duara la taa zilizotundikwa pande zote, kila taa ikifuta kivuli kilichoangushwa na mwenzake. Wazee wa Baraza hueleza kwamba kivuli ni maelezo yanayotolewa na mwili bila idhini ya mwenye mwili. Hurefuka, hufupika, huegemea ukuta wa jirani. Wala hakiwezi kuapishwa. Kwa hiyo hufukuzwa kwanza, ndipo ukweli huitwa.

Niliingia ndani ya duara la taa. Uso usio na kivuli si uso. Pua hupotea, matundu ya macho hujaa mwanga, mdomo hubaki kama mkunjo kwenye karatasi. Nilimtazama Ngwali juu ya kiti chake, nikaona bamba jeupe lenye ndevu. Nilimtazama Kitwana, nikaona bamba lile lile. Jina langu lilipoitwa, mtu mwingine aliitika "Nipo," na lilipoitwa jina la Kitwana nilijikuta nimeitika mimi, hakuna aliyesahihisha. Hata wakati haukujulikana, maana kijiti cha saa ya jua kilichosimikwa uani hakikuwa na cha kulaza chini. Ilikuwa jioni ya kesi yangu. Ilikuwa vile vile jioni ya kesi ya babu yangu, aliyesimama mahali pale kwa kosa ambalo hakuna anayelikumbuka, na huenda bado alikuwa amesimama, nami nimeivaa miguu yake. Niliwatambua watu kwa sauti tu.

"Mwenyekiti," ilianza sauti ya Kitwana, "binti yangu alirudi kutoka kwa mwalimu huyu, akaweka ubao wake chini, hakusalimia, akaniuliza: baba, ni nini kilitupiga? Nikamwambia, hatukupigwa na kitu, mwanangu, sisi tumekanyagwa. Tumekanyagwa kwa heshima. Mwanzilishi aliweka kisigino chake hapa, ardhi ikainama, maji yakatoka, wazee wako wakapata pa kukaa. Akanicheka! Mtoto wa kumzaa mimi! Anasema mwalimu amewaonyesha Mwezi, na Mwezi umejaa mashimo kama letu, na kila shimo ni jiwe lililoanguka kutoka juu bila kutumwa na mtu."

Watu waliguna.

"Bila kutumwa na mtu," Ngwali alirudia polepole, kama anayeonja mchuzi wa nyumba asiyoiamini. "Ulisema hivyo, Mwalimu?"

"Nilisema hivyo, Mwenyekiti."

"Na Kisigino?"

"Kisigino sikukitaja. Sikuona mahali pa kukiweka."

Mtu mmoja nyuma alipiga mluzi. Mwingine alisema, "Mwalimu, utalala nje wewe," na wenzake wakacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

Yafaa nieleze kwa nini neno dogo kama hili lilistahili taa zote zile. Wazao wa Mwanzilishi hukaa katikati, penye maji, kwa sababu kisigino chake kilizama zaidi pale. Wanaofuata hukaa pembeni yao, na wanaofuata hao hukaa pembeni zaidi, mpaka unapofika chini ya kuta, ambako watu huamka kabla ya wengine wote ili wapange foleni ya kuyapokea maji yaliyobaki. Utaratibu huu hauna askari wala hauwahitaji. Unashikiliwa na kisigino. Iwapo shimo lilikanyagwa, basi kuna aliyekanyaga, na aliyekanyaga alikusudia, na kusudi lake linaweza kurithiwa. Lakini iwapo lilipigwa na jiwe lisilo na jina, lililokuwa likipita kwenda kwingine, basi kisima ni ajali, na katikati ni mahali tu. Mimi ni mtu wa utaratibu. Hupanga chaki kwa urefu. Sikuwa nimekusudia kubomoa chochote. Nilikusudia kuwafundisha watoto kutazama.

"Sheria ni nyepesi," Ngwali alisema. "Darubini yako iko hapo mbele. Mwezi utachomoza sasa hivi. Utuonyeshe shimo moja, Mwalimu. Moja tu, nami sitaki la pili. Ukituonyesha, utaendelea kufundisha, na Kitwana atamwomba radhi binti yake. Usipotuonyesha, kesho utavushwa ukingo."

Mji mzima unajua maana ya kuvushwa ukingo. Mlango wa mtu huzibwa kwa kujengwa matofali. Jina lake hutolewa vinywani. Huhesabiwa kuwa amekufa, na akisimama juu ya ukingo na kuita, hata mama yake mzazi haruhusiwi kugeuza shingo. Hakuna aliyewahi kurudi, kwa sababu hata akirudi hakuna wa kumwona.

"Huu ni mwezi mpevu, Mwenyekiti," nilisema. "Mashimo huonekana Mwezi ukiwa nusu, alasiri, jua likiumulika kutoka ubavuni. Wakati huo ndipo ukingo wa kila shimo unapoangusha..."

"Unapoangusha nini?"

Nililiona neno likija, na sikuwa na jingine la kuliweka mahali pake.

"Kivuli, Mwenyekiti."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Watu walipigana mabegani. Ngwali aliwaacha wacheke mpaka wakachoka.

"Mmemsikia wenyewe," alisema. "Shahidi wake ni kivuli."

Mwezi ulikuwa bado nyuma ya ukingo, nami nilikuwa na muda wa kuchukia. Nilichukia kwa utaratibu, kuanzia safu ya mbele kwenda ya nyuma. Niliwachukia kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona. Nilikuwa nimeuona mpaka ule ambako mchana wa Mwezi hukutana na usiku wake, mstari ambao si mstari bali ni meno, na juu ya meno hayo nilikuwa nimeona kingo za mashimo zikishika jua kabla sakafu zake hazijajua kwamba kumekucha, kama bakuli zilizojaa wino ambazo midomo yake tu ndiyo imepakwa chokaa. Nilikuwa nimeona vilima vidogo katikati ya sakafu hizo, mahali ambapo mwamba uliopigwa uliruka juu ukagandia hewani. Nilikuwa nimeona shimo juu ya shimo: moja limekata ukingo wa jingine, na dogo limekaa juu ya mdomo wa lile lililokata. Hapo nilijifunza utaratibu pekee ambao sijawahi kuutilia shaka. Kilichokata ni cha baadaye, kilichokatwa ni cha kwanza. Hapakuwa na mrithi wala kiti. Pigo lilifuata pigo, na uso ulioyapokea yote haukufuta hata moja, kwa kuwa huko juu hakuna upepo wa kusahaulisha.

Je, aliye ndani ya shimo anaweza kujua shimo ni nini? Swali hili ndilo lililonipeleka kwenye darubini, na ndilo lililonileta chini ya taa. Samaki haulizi kuhusu maji, husemwa na watu wavivu. Samaki hajawahi kuonyeshwa maji mengine yakining'inia juu ya kichwa chake.

Mwezi ulipanda juu ya ukingo wa mashariki.

Ulikuwa mzima, mnene, wenye rangi ya siagi. Watu walishangilia kana kwamba Baraza limeutengeneza. Nilipiga magoti, nikaelekeza darubini, nikatazama. Jua lilikuwa nyuma ya migongo yetu na likiupiga Mwezi usoni moja kwa moja, bila ubavu, bila pembe. Duara la taa lilikuwa limejengwa huko juu pia. Mabonde niliyoyajua kama viganja vyangu yalikuwa yamezibwa kwa mwanga. Palipokuwa na kuta hapakuwa na kuta. Nilitafuta lile shimo pana la katikati ambalo watoto walikuwa wakiligombania zamu. Nilijua mahali pake barabara. Mahali palikuwepo, shimo halikuwepo.

"Tunangoja," Ngwali alisema.

"Anatafuta kisingizio," Kitwana alisema. "Mwalimu, kimejificha nyuma ya kope?"

Ndipo nilipomsikia dada yangu akisukuma watu. Hidaya ana sauti ya mchanga kwenye kioo, sauti ya kazi yake.

"Mwenyekiti, niruhusu. Kioo nilikisugua mimi. Mchanga ulikuwa na punje kubwa, nikakikwaruza, nikaona aibu kusema. Huyu mdogo wangu alikuwa akitazama mikwaruzo yangu akidhani ni mashimo. Hana kosa. Ni mjinga tu."

Sauti za watu zililegea. Ujinga husamehewa katika mji wetu. Huwa wa faida. Nilimwelewa Hidaya papo hapo. Msugua vioo aliyekiri mbele ya taa kwamba amekwaruza hatapewa tena kioo na mtu yeyote. Alikuwa akiuza mikono yake ili mlango wangu usijengwe kwa matofali.

"Kioo hiki hakina mkwaruzo," nilisema.

"Nyamaza, wewe!"

"Mkwaruzo hukaa ndani ya kioo, Dada. Ukikizungusha kioo, nao huzunguka. Nilikizungusha mara nyingi, watoto wakishuhudia. Mashimo hayakuzunguka."

"Nyamaza nimekwambia! Mama aliniachia nikutunze. Hakuniambia nikutunze pamoja na huo ulimi." Sauti yake ilinipita mbele, nikajua amegeuka kuwatazama watu. "Mnamwona? Ndivyo alivyo tangu utotoni. Ukimpa kamba ya kumtoa kisimani, kwanza anauliza imesokotwa na nani."

Walicheka tena, na safari hii walicheka pamoja naye dhidi yangu, naye akarudi nyuma akilia kwa hasira. Sikumfuata. Bamba langu jeupe halikuwa na mahali pa kuonyeshea huzuni.

Ngwali aliamuru mleta mashtaka atazame. Kitwana alipiga magoti kwa madaha, akaweka jicho.

"Haya, naona... Naona sahani ya ubwabwa. Mchuzi bado haujaja."

Uwanja ulivuma.

"Hakuna shimo. Hakuna hata kishimo cha kuotea mchicha. Mweupe pee, kama... Ngojeni." Alinyamaza. Alikuwa mtu wa kelele, na kimya chake kiliwafanya walio mbele wasogee. "Kuna kitu hapa upande mmoja, karibu na pembeni. Kitone kinang'aa. Na kutoka kwenye kitone kuna michirizi. Mirefu! Imetawanyika kila upande. Kama mtu kadondosha jiwe kwenye sinia la unga, unga ukaruka..."

Aliisikia sentensi yake mwenyewe, akainua kichwa upesi kana kwamba darubini imemuuma.

"Au kama jua linachomoza," aliongeza. "Yaani ndivyo hasa. Kama jua."

Nilimsogeza kando bila adabu, nikatazama.

Sikuwahi kuuelekezea darubini mwezi mpevu. Niliudharau. Niliuona kuwa mwanga wa wapiga ngoma na wachumba, mwanga usio na taarifa, na siku zake nilikuwa nikifunika kioo na kusahihisha madaftari. Sasa taa za adui zilikuwa zimenilazimisha kutazama, nami niliona kile ambacho nusu mwezi haikuwahi kunionyesha. Kutoka kwenye kitone kimoja michirizi myeupe ilikimbia juu ya uso wote, juu ya milima na juu ya mabonde bila kubagua, haikupinda, haikuomba njia. Mmoja ulivuka zaidi ya nusu ya Mwezi. Mashimo yalikuwa yamezimwa, lakini kilichorushwa na pigo kilikuwa kikiwaka. Nilikuwa nimetumia miaka yangu yote kuchungulia ndani ya majeraha, na kumbe ushahidi wa pigo haukai ndani. Unakaa nje. Umemwagika mbali na ukingo, juu ya ardhi ambayo haikupigwa.

Kisigino hukanyaga. Udongo hushuka, pengine huvimba kidogo pembeni. Kisigino hakirushi.

Nje.

Nilimeza neno hilo kwa kuwa Ngwali alikuwa ameshuka kitini. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na alipoinuka sauti yake ilikuwa ya kitoto kabisa, sauti ya mwanafunzi wangu wa mwaka uliopita au wa mwaka ujao, aliyepata jibu kabla ya wenzake. Kisha ikazeeka tena.

"Watu wa mji," alisema, "mashimo hayapo. Mmesikia, na atakaye atatazama. Lakini Mwezi haukutuacha mikono mitupu. Hii michirizi ni mng'aro wa Kisigino. Mahali Mwanzilishi alipokanyaga huko juu, kabla hajashuka kwetu, utii wa ardhi ulitoka kila upande kama miale. Kitone ni katikati. Miale ni nyumba zetu, kila moja kwa nafasi yake. Hakuna fundisho lililo wazi kuliko hili."

Walishangilia. Nilisikia vilio vya furaha hata kutoka kwa watu wa chini ya kuta, ambao kwa hesabu hiyo walikuwa ncha za miale, mahali mwanga unapoishia.

"Na mwalimu avushwe!" Kitwana alipaza sauti.

"Mwalimu havushwi."

"Lakini Mwenyekiti, mashtaka yangu..."

"Kitwana, ndugu yangu, ukimvusha mwalimu unabaki na swali la binti yako. Ukimweka mwalimu, unabaki na mwalimu." Ngwali alinigeukia, nilijua kwa joto la pumzi yake. "Utafundisha miale. Darubini itakuwa yako, nyumba itasogezwa karibu na kisima, na dada yako atapewa mchanga mzuri wa kusugulia. Kuanzia leo Mwezi utatazamwa ukiwa mpevu tu. Siku nyingine kioo kitafunikwa, kama ulivyokuwa ukikifunika mwenyewe."

Alijua hata hilo. Wanafunzi husimulia.

"Kubali," Hidaya alinong'ona nyuma ya sikio langu. Alikuwa amerudi, nilihisi vumbi la kioo kwenye kanga yake. "Mdogo wangu, nakuomba, kwa mara moja maishani kubali kitu kabla hujakipima."

Kukubali kungekuwa rahisi, tena kwa utaratibu. Ningepanga miale kwa urefu. Ningewapa watoto majina yake wayakariri, nao wangekariri, na mwaka wa tano au wa hamsini ningekuwa nimeketi katika kiti kile, nina ndevu, nikimwambia mshtakiwa mwenye miguu yangu anionyeshe shimo moja tu. Nilimwona mtu huyo. Alikuwa na sauti yangu ya kusomea mahudhurio. Hakuwa mwovu. Alikuwa nadhifu.

Nani atajua? nilijiuliza. Mimi nitajua, nilijijibu.

Na ukijua wewe peke yako, utafanya nini na kujua huko? Kujua huko nitakufunika kwa kitambaa, siku zote isipokuwa moja.

Na ukienda? Nitakuwa maiti.

Maiti huona? Hakuna aliyewahi kuulizwa.

Ndipo nilipouona upumbavu wa sheria yetu, na uzuri wake. Tuliwatupa wakosaji wote mahali pale pale ambapo jibu limelala. Kama jiwe lilitupiga, udongo wa shimo hili uliruka. Na kama uliruka, ulitua nje, kwa michirizi, juu ya ardhi ambayo wafu tu ndio wameikanyaga. Mji ulikuwa umejenga adhabu yake mlangoni mwa ushahidi, na kwa vizazi vyote umekuwa ukiisukumia huko midomo ambayo umekwisha kuapa kutoisikia.

Nilisimama wima, nikafuta magoti, nikangoja kelele zipungue kama ninavyongoja darasani, bila kuinua mkono. Zilipungua.

"Mwenyekiti, wazee, majirani, na wewe Dada," nilisema, kwa sauti ninayotangazia ratiba ya muhula, "kazi ya kufundisha miale siipokei. Kesho asubuhi nitauvuka ukingo kwa miguu yangu, bila kusindikizwa, na mlango wangu mnaweza kuujenga kuanzia sasa. Ninakwenda kutazama kama ardhi ya upande wa pili imemwagikiwa udongo wetu. Nikiuona, sitaweza kurudi kuwaambia. Na nikiita kutoka juu, hamruhusiwi kunisikia. Kwa hiyo jibu sitawaletea. Anayelitaka alifuate."